Mkono Unaohama: Safari ya Vidole Kutoka Banjo Hadi Gita la Kikopey

Kikopey iko kando ya barabara kuu ya Nairobi kwenda Nakuru, karibu na Gilgil, pale Bonde la Ufa linapofunguka kuelekea Ziwa Elementaita. Jina lake limevuma kwa nyama ya mbuzi. Madereva wa malori, abiria wa matatu na familia zinazorudi mashambani husimama hapo, nyama ikachomwa, ikakatwa juu ya ubao, ikaliwa kwa kachumbari na ugali. Katika maeneo ya nyama choma ya barabara hii, kuanzia Naivasha hadi Nakuru mjini, muziki wa mwisho wa juma mara nyingi ni wa mtu mmoja: gita moja, kipaza sauti kimoja, na mashine ndogo inayopiga ngoma. Mtu huyo ataimba wimbo wa Joseph Kamaru, aingie benga ya Kikalenjin, kisha ageukie nyimbo za kantri za Marekani ambazo wenyeji wa Bonde la Ufa wamezipenda tangu enzi za Jim Reeves.

Utazame mkono wake wa kushoto. Wakati anaimba ubeti, mkono uko chini, karibu na kichwa cha gita. Sauti yake inapopumzika, mkono unapanda hadi katikati ya shingo, unapiga solo, kisha unarudi kabla ubeti mwingine haujaanza. Msikilizaji anayetafuna mbavu zake hasikii mshono wowote. Mshono huo usiosikika una historia ndefu, na inastahili kusimuliwa kwa heshima, kwa sababu imepita mikononi mwa watu wengi ambao hawakuwahi kupewa cheti cha muziki.

Kila ala ya nyuzi yenye shingo humpa mpigaji tatizo moja. Sauti zimepangwa kwa urefu wa shingo, na mkono ni mfupi. Vidole vinne vikitandazwa vinatosha freti nne au tano, zile kingo nyembamba za chuma zinazoigawa shingo. Sauti iliyo mbali zaidi ya hapo inahitaji mkono mzima uhame, na mkono unapokuwa njiani haubani kitu. Hapo ndipo pengo linapozaliwa. Kwa maoni yangu, sehemu kubwa ya historia ya banjo na gita, kutoka Afrika Magharibi kwenda Marekani na kurudi kwetu, ni historia ya kuziba pengo hilo. Njia zilizopatikana ni nne: kuuacha uzi usiobanwa ulie wakati mkono unasafiri, kuacha kidole kimoja kiteleze juu ya uzi kiwaongoze wenzake, kumwachia mwenzako ashike nafasi, au kuibadilisha ala yenyewe.

Kabla ya shingo

Watu wa nyanda hizi walipiga nyuzi zamani sana kabla gita halijafika, lakini mikono yao haikuhitaji kuhama. Wakipsigis wana chepkong, Waluo wana nyatiti yenye nyuzi nane, Abagusii wana obokano, kubwa na yenye sauti nzito. Zote ni za ukoo mmoja: bakuli lililowambwa ngozi, nguzo mbili zinazotoka humo, na mti unaoziunganisha ambako nyuzi hufungwa. Nyuma ya nyuzi hakuna ubao wa kuzibania. Kila uzi una sauti yake moja, na kazi ya vidole ni kuchagua. Mpiga nyatiti huketi kwenye kigoda kifupi, akakwanyua kwa mikono yote miwili, huku oduong'o, pete ya chuma iliyo kwenye kidole cha mguu, ikigonga ala na kushika mwendo. Uzi uliokwanyuliwa huendelea kulia wakati vidole vinaelekea uzi mwingine.

Sikio lililolelewa na sauti hizo halikuzoea ukimya kati ya noti mbili. Naamini hiyo ndiyo sababu gita lilipofika, wapigaji wa magharibi ya Kenya na wa Bonde la Ufa hawakuridhika kukong'ota kodi moja, yaani noti kadhaa kwa pamoja, kunyamaza, kisha kutafuta nyingine. Walitaka lilie mfululizo, jinsi ala za wazee zilivyolia.

Pwani ilikuwa na shingo mapema zaidi. Gambusi na udi viliingia kwa jahazi kutoka Yemeni na nchi nyingine za Waarabu, navyo havina freti. Siti binti Saad na wenzake waliposafiri kwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi kwa kampuni ya His Master's Voice, nyuzi zilizomsindikiza zilipigwa kwenye shingo tupu, za udi na za fidla. Hapo anayeongoza mkono ni sikio peke yake: kidole kikitua kando kidogo ya mahali pake, kila mtu anasikia. Baadaye taarabu ya Mombasa ilipata ala iliyolimaliza tatizo kwa njia ya nne. Ni tashkota, iliyobuniwa Nagoya, Japani, na Goro Morita mwaka 1912, ikapita India, ambako iliitwa pia banjo, ndipo ikafika bandari zetu. Ina safu ya vitufe juu ya nyuzi. Mkono wa kushoto hubonyeza kitufe, na kitufe ndicho kinachobana uzi. Kuhama shingoni kukageuka kuwa kubonyeza.

Uzi mfupi wa banjo

Banjo yenyewe ilizaliwa Karibi na Marekani Kaskazini, mikononi mwa Waafrika waliouzwa utumwani. Mizizi yake iko Afrika Magharibi, kwenye ala kama akonting ya Wajola wa Senegambia, ambayo ni kibuyu kilichowambwa ngozi, kikachomekwa mti mrefu wa duara na nyuzi tatu. Hans Sloane, daktari kutoka London, alikuwa Jamaika mwaka 1687 na 1688, na kitabu alichochapisha mwaka 1707 kina mchoro wa ala za namna hiyo zilizopigwa na watumwa.

Katika nyuzi tatu za akonting, mmoja ni mfupi na haubanwi kamwe. Hukwanyuliwa na kidole gumba, tena na tena, kati ya noti za wimbo. Banjo ya nyuzi tano iliurithi. Uzi wake wa tano hauanzii kwenye kichwa cha ala. Umefungwa pembeni mwa shingo, kwenye freti ya tano, na sauti yake ni ya juu kuliko zote. Mkono wa kushoto unapoondoka mahali pamoja kwenda pengine, gumba la kulia huugusa uzi huo na sauti haikatiki. Waafrika waliounda mababu wa banjo walikuwa wameshaliziba pengo muda mrefu kabla ya kitabu cha kwanza cha banjo kuandikwa.

Kitabu cha namna hiyo kilichotoka Boston mwaka 1855, cha Thomas Briggs, kilitokea katika wakati wa aibu. Wazungu wa Marekani, Joel Walker Sweeney wa Virginia akiwa miongoni mwa waliovuma kwanza, walikuwa wameichukua banjo na kuipandisha jukwaani wakiwa wamejipaka masizi usoni ili kuwadhihaki Weusi. Wenye ala wakageuzwa kichekesho, na ala yao ikawa biashara. Banjo ya wakati huo haikuwa na freti, kwa hiyo mkono ulikaa zaidi karibu na kichwa. Aliyepanda juu alipanda kwa kutegemea sikio.

Kuanzia miaka ya 1870 na 1880 mambo yalibadilika. Watengenezaji walianza kuzipa banjo freti za chuma, ala ikaingia kwenye sebule za wenye mali, na wapigaji wakaanza kuikwanyua kwa vidole kwa mtindo wa gita. Vitabu vikahesabu vituo vya mkono: kituo cha kwanza, cha tano, cha saba, cha kumi. Sasa mkono ulijua unakokwenda kabla haujaondoka. Alfred Farland, mmoja wa wapigaji mashuhuri wa miaka ya 1890, aliweza kupiga kwa banjo kazi ya Mendelssohn iliyotungwa kwa ajili ya fidla, jambo ambalo lisingewezekana kwa mkono unaokaa mahali pamoja.

Katika miaka ya 1920 bendi za dansi na jazi ziliuondoa uzi mfupi, zikataka banjo ya nyuzi nne inayokong'otwa kwa kipande kigumu. Mkono wa kushoto ukawa unahamisha kodi nzima, umbo lilelile la vidole likipanda na kushuka shingoni, na kasi ya mkono wa kulia ikaziba pengo. Halafu, Desemba 1945, kijana wa North Carolina, Earl Scruggs, akajiunga na kundi la Bill Monroe huko Nashville. Alikwanyua kwa vidole vitatu mfululizo, noti zikitiririka bila kukatika, na uzi mfupi ukarudi kwenye heshima yake. Rekodi yake ya mwaka 1949, Foggy Mountain Breakdown, bado ndiyo kipimo cha wanafunzi wengi wa banjo.

Ufundi wa mkono wa kushoto katika mtindo huo unaeleweka vizuri ukiangalia kodi moja tu, G. Banjo ya nyuzi tano ikisawazishwa kwa kawaida, nyuzi zake zisizobanwa ni G tayari. Kodi hiyohiyo hupatikana tena kati ya freti ya tatu na ya tano, kisha kati ya freti ya saba na ya tisa, halafu kwa kulaza kidole kimoja kwenye freti ya kumi na mbili. Mpigaji anayetoka kituo cha tano kwenda cha tisa hanyanyui vidole vyote. Kidole cha pete kinabaki kwenye uzi wa nne, kidole cha mwisho kinabaki kwenye uzi wa kwanza, vyote viwili vinateleza freti nne kwenda juu. Cha shahada na cha kati ndivyo vinavyobadilishana nyuzi njiani. Vidole viwili vinaongoza, viwili vinafuata. Katikati ya mwendo huo uzi wa tano unalia.

Mengine yanahusu mwili mzima. Gumba lililo nyuma ya shingo haling'ang'anii. Linagusa tu, ili mkono uweze kwenda. Mwendo huanzia kwenye kiwiko, kwa sababu kifundo cha mkono kikijipinda peke yake kinachelewesha vidole. Jicho hutangulia kwenye freti inayoendewa. Na mkono huondoka kwenye pigo la mwisho la sentensi ya muziki, mahali ambapo hata mwimbaji angevuta pumzi.

Sahani za santuri Kericho

Banjo haikuenea Kenya kama gita, lakini muziki wa watu walioilea ulitufikia. Reli ilikuwa imefika Nakuru mwaka 1900, ikafuatwa na walowezi, wamishonari, maduka ya Wahindi na gramofoni za kuzungushwa kwa mkono. Miongoni mwa sahani zilizochezwa ni za Jimmie Rodgers, Mmarekani wa Mississippi aliyewahi kuwa mfanyakazi wa reli. Alirekodi kwa mara ya kwanza mwaka 1927 na kufariki kwa kifua kikuu mwaka 1933, akiwa na umri wa miaka 35.

Mwaka 1950 Hugh Tracey, mtafiti wa muziki aliyefanya kazi Afrika Kusini, alifika na mitambo yake katika nchi ya Wakipsigis. Huko Kapkatet, Kericho, alirekodi wasichana wakimwimba Chemirocha, jina la Jimmie Rodgers lilivyotua kwenye ulimi wa Kikipsigis, wakimwazia kuwa kiumbe nusu mtu nusu swala. Muziki uliowasindikiza ulitoka kwenye nyuzi za ala ya jadi. Wengi wamekisimulia kisa hiki kama jambo la kuchekesha. Mimi naona humo ushahidi wa masikio makini sana: watu walisikia gita la mgeni kwenye santuri, wakalipokea kwa ala yao, wakaliweka kwenye mwendo wao. Miaka michache baadaye watoto wa eneo hilohilo walikuwa wanashika gita lenyewe.

Gita lilikuja pia na wanajeshi. Vita Kuu ya Pili iliwapeleka vijana wa King's African Rifles hadi Burma, na vikosi vya burudani vya jeshi vilikuwa na wanamuziki. Fundi Konde, mwana wa pwani ya Kenya, alitokea katika mazingira hayo, akawa miongoni mwa Wakenya wa kwanza kupiga gita la umeme. Aliujua muziki wa maandishi, na kodi zake za jazi zilikaa juu kwenye shingo, mahali ambapo wapigaji wengi wa wakati wake hawakuthubutu kufika.

Katanga na Kisa

Mabadiliko makubwa yalitoka Katanga, huko Kongo. Mwaka 1952 Tracey huyohuyo alimkuta mitaani Jadotville, mji unaoitwa leo Likasi, kijana aliyezaliwa mwaka 1930, Mwenda Jean Bosco. Wimbo wake Masanga ulisafiri Afrika nzima. Mwaka 1959 Mwenda alikuja Nairobi, akasikika redioni na kutangaza dawa ya Aspro, na wapigaji wa Kenya wakaweza kumsikia mara kwa mara.

Mwenda alitumia vidole viwili vya mkono wa kulia, gumba na shahada. Gumba lilitembea kwenye nyuzi nzito, shahada likapiga wimbo kwenye nyuzi nyembamba. Gita lake moja lilisikika kama mawili. Kwa upande wa mkono wa kushoto, siri ni kwamba hakuondoa vidole vyote kwa wakati mmoja: sauti moja ilibaki imeshikwa, au uzi mmoja uliachwa ulie, huku vidole vingine vikitafuta mahali papya. Mtaalamu David Rycroft aliandika uchambuzi mrefu wa upigaji huo mwanzoni mwa miaka ya 1960, na mpiga gita John Low akafunga safari baadaye hadi Katanga kujifunza mtindo huo kwa wapigaji waliobaki.

Huko Kisa, magharibi ya Kenya, George Mukabi alikuwa na jibu lake, mtindo ulioitwa omutibo. Gumba lake lilikuwa na nguvu, besi yake ilitembea bila kusita, na mwenzake aligonga chupa ya Fanta kwa kipande cha chuma. Chupa hiyo haikuwa pambo. Ilishika mwendo ili mkono wa gita upate nafasi ya kuhama bila wachezaji kupoteza hatua. Mukabi aliuawa mwaka 1963, akiwa kijana bado, lakini omutibo haukufa. Mwanawe, Johnstone Ouko Mukabi, ameuendeleza.

Wapigaji wa namna hii walitegemea sana kapo, kibanio kinachofungwa shingoni ili nyuzi zote zipande kwa pamoja. Asiyeweza kununua alifunga penseli kwa mpira. Kapo inafanya kazi inayofanana na ya uzi mfupi wa banjo: inamletea mwimbaji nyuzi huru katika sauti anayoitaka, hata mkono ukiwa safarini.

Wenzako wakishika nafasi

Katika miaka ya 1960 gita la umeme na bendi kubwa vilileta njia ya tatu. Sasa kulikuwa na gita la solo, la ridhimu na la besi. Daniel Owino Misiani, aliyezaliwa Shirati upande wa Tanzania mwaka 1940, alijenga benga ya bendi yake, Shirati Jazz, kwa solo inayofuata mikimbio ya nyatiti. Solo hiyo hukaa juu kwenye shingo kwa muda mrefu, ikipanda na kushuka kwa haraka. Inaweza kufanya hivyo kwa sababu ridhimu haiondoki mahali pake na besi inagonga chini yake. Mkono wa solo ukinyamaza kidogo njiani, hakuna atakayegundua.

Benga ikapanda kutoka Nyanza hadi Bonde la Ufa na Mlima Kenya. Daniel Kamau na wenzake wakaiimba kwa Kikuyu, na Kipchamba arap Tapotuk na bendi ya Koilong'et wakaiimba kwa Kikalenjin. Nakuru, mji wa wafanyakazi wa reli, mashamba makubwa na viwanda, ulikuwa mahali pa lugha hizi zote kukutana, na mpigaji aliyetaka mkate wake hapo alipaswa kuzijua zote.

Kutoka Kongo zikaja mbinu nyingine. Docteur Nico na Franco walikuwa wamefundisha kizazi kizima kupiga noti mbili kwa pamoja kwenye nyuzi mbili, zikienda sambamba kutoka freti ya pili hadi ya kumi na mbili. Jozi hiyo ya vidole haivunjiki: umbo linabaki, mkono unateleza, na noti zinazopitiwa njiani zinakuwa sehemu ya utamu. Wakongo waliongeza gita la kati, mi-solo, kati ya solo na ridhimu. Wengine walibadilisha gita lenyewe kwa mtindo wa mi-composé: uzi wa nne hutolewa na kuwekwa mwembamba unaolia oktavu moja juu, hivyo sauti ya mbali inapatikana bila mkono kwenda mbali. Super Mazembe walipohamia Nairobi mwaka 1974, na bendi nyingine za Kongo zikafuata, wapigaji wa Kenya wakayaona haya kwa macho kwenye majukwaa ya Nairobi.

Mtu mmoja, kazi ya bendi

Bendi kubwa hula pesa nyingi. Kuanzia miaka ya 1990 wenye baa na maeneo ya nyama choma walizidi kuwapendelea wapigaji wa peke yao. Mtindo wa mugithi, ambao wachezaji hushikana na kufuatana katika mstari mrefu kati ya meza, ulipata mashujaa wake, Mike Rua akiwa mmoja wao, na Salim Junior wa Subukia, Nakuru, akawa sauti ya eneo letu. Gita la mtu mmoja likawa muziki wa kawaida wa barabara ya Kikopey.

Hapa tatizo la kale linarudi kwa uzito wake wote. Mpiga solo wa benga ana wenzake wa kushika nafasi; huyu hana. Mashine inapiga ngoma, lakini haijui kodi anayoitaka. Akipanda kupiga solo, besi inaondoka naye. Akibaki chini, wimbo unakosa ule mwanga wa juu ambao mashabiki wanausubiri. Anachofanya ni kuunganisha maarifa yote yaliyotangulia.

Kwanza, huchagua ufunguo unaompa nyuzi huru. Katika G, nyuzi tatu za gita, D, G na B, ni za kodi hiyo hata zisipobanwa. Katika A na E, nyuzi nzito zenyewe ni msingi wa wimbo. Ikiwa koo lake linataka mahali pengine, anafunga kapo. Pili, hugonga uzi mzito mtupu kwa gumba kwenye pigo la mwisho la ubeti, na uzi huo ukiwa unalia ndipo mkono unapoondoka. Tatu, kidole kimoja, mara nyingi cha shahada au cha pete, hakiuachi uzi wake. Kinateleza nao hadi kwenye freti ya saba au ya tisa na kuvuta wenzake. Nne, akifika juu hupiga jozi za noti mbili kwa mtindo wa Kongo, zikiwa na uzi mzito usiobanwa chini yake, ili msikilizaji asikie solo na besi kwa pamoja. Kurudi ni kwa njia hiyohiyo, na sentensi ya solo hutungwa ikiteremka yenyewe, ili mkono uwe umefika nyumbani wakati neno la kwanza la ubeti linatoka mdomoni.

Anayeijua banjo atatambua kila hatua. Uzi unaolia wenyewe, kidole kinachoongoza, umbo linalohama bila kuvunjika: ndiyo misingi ya akonting, ya Scruggs, na ya Mwenda pia. Sidai kwamba mpigaji wa Gilgil alijifunza kutoka Nashville. Ninachodai ni kwamba tatizo ni moja, na mikono ya Waafrika, iliyobaki huku na iliyopelekwa ng'ambo kwa minyororo, imelitatua kwa namna zinazofanana sana.

Mwaka 2005 Mmarekani Béla Fleck, mpiga banjo mahiri wa kizazi chetu, alikuja na ala yake Uganda na Tanzania, kisha akaenda Gambia na Mali, akitafuta ilikotoka. Filamu ya safari hiyo ilitoka mwaka 2008. Tanzania alipiga pamoja na Anania Ngoliga, mpigaji asiyeona wa ilimba, ala ya vyuma vinavyobonyezwa kwa vidole gumba. Ilimba haina shingo, na noti zake zote ziko chini ya dole gumba. Katika muziki wao unasikia mkono wa banjo ukihangaika juu na chini ya shingo ili uwe na ulaini ambao ilimba inao tayari. Mgeni aliyebobea alikuwa anajifunza kutoziacha sauti zikatike, kwa mwalimu wa kwetu.

Mikono ihifadhiwe

Tracey alituachia sauti. Maktaba aliyoianzisha mwaka 1954, International Library of African Music, ndiyo iliyotunza rekodi za Kapkatet hadi zikarudishwa kwa jamii ya Wakipsigis katika miaka ya 2010 kwa ushirikiano na Ketebul Music ya Nairobi. Hiyo ni kazi ya thamani kubwa. Lakini kinasa sauti hakionyeshi kidole gani kilibaki kwenye uzi na kipi kiliondoka. Mtafiti Gerhard Kubik wa Austria alilielewa hili, akapiga filamu za wapiga gita wa Afrika, Mwenda akiwemo, kati ya mwaka 1966 na 1993, na leo wanafunzi wa dunia nzima wanajifunza kutokana na picha hizo.

Wapigaji wa Nakuru, Gilgil na Naivasha hawajapata bahati hiyo. Wengi wao hupiga usiku, hulipwa kwa wiki, na hubeba maarifa ambayo hayajaandikwa popote. Ombi langu ni la vitendo. Simu iliyo mfukoni mwa kila mtu inatosha: ielekezwe kwenye mkono wa kushoto, karibu, kwa wimbo mzima, kwa idhini ya mpigaji na kwa malipo yake, na jina lake liandikwe. Walimu wa muziki katika shule za Kaunti ya Nakuru wanaweza kuwaalika wapigaji hawa darasani, wawafundishe watoto kuhama kutoka kituo kimoja hadi kingine kwa nyimbo ambazo watoto hao wanazijua tayari, badala ya kuanza na mazoezi ya vitabu vya ng'ambo. Vitabu hivyo ni vizuri, ila kiini cha ufundi wake kilitoka katika bara hili.

Mtoto wa Kikopey anayejifunza kuuacha uzi mzito ulie huku mkono wake ukipanda shingoni anapokea urithi uliopitia Senegambia, Jamaika, Likasi na Kisa. Ana haki ya kuambiwa hivyo tangu siku ya kwanza anaposhika gita, ili ajue kwamba anajifunza jambo la kwao.